Mikono ya Mstaafu Hewani

Fundi baiskeli hana haraka na spana. Kikono kipya cha gia hukisogeza sikioni kwanza, akakibofya huku akihesabu midundo, maana isipolingana na idadi ya gia za nyuma mnyororo utarukaruka na yeye ataitwa kanjanja. Maneno yake ni machache, na mengi huiambia baiskeli.

Leo mstaafu mmoja amemletea baiskeli ya mbio. Mgongo wake umegoma kuinama, anataka usukani ulionyooka. Fundi akaufungua ule wa zamani, uliojikunja kama pembe za kondoo, akauweka kando.

"Panda, mzee. Fumba macho, shika usukani hewani."

Mikono ikaenda chini kabisa, kulekule ilikozoea. Kiuno kikamchoma, lakini hakuiinua. Fundi hakumhimiza. Alifuta vidole kwa kitambaa, kimoja baada ya kingine, mpaka mikono ikachoka na kupanda yenyewe, ikatulia usawa wa kifua. Hapo ndipo fundi akavuta kamba yake ya kupimia, akapima kimo hicho.

"Hapo ni pa wazee," mstaafu akanung'unika.

"Fumbua macho," fundi akasema, akifunga fundo kwenye kamba. "Kule chini ulikuwa unaona tairi tu. Sasa unaona nini?"

Mstaafu alitazama barabara, mikono ikibaki palepale usawa wa kifua.