Baada ya Matangazo ya Vifo

Mwaka wa El Nino nilikuwa na kibanda Sotik, nauza gamubuti na karatasi za nailoni. Magazeti yalinifanyia kazi bure. Kila yalipoandika gharika, nilitundika ukurasa juu ya bidhaa, na kabla ya saa sita zilibaki gamubuti za miguu midogo tu.

Lakini dada yangu mkubwa, mjane, alikuwa na mahindi kando ya mto Kipsonoi, na hayo ndiyo yalikuwa chakula cha nyumba yake mpaka mavuno mengine. Yalikuwa hayajakauka. Nikaenda kumwambia avune.

"Mwaka ule mwingine gazeti lilisema mvua," akasema. "Nikavuna mabichi, yakaoza stoo, na jua likawaka tu. Sasa umekuja wewe. Muuza nailoni atasema kutakuwa na jua?"

Hapo alinishika. Hata mimi nisingejinunua.

"Na redio?"

"Redio naskia kila jioni. Haijasema kitu."

Jioni hiyo nikaona sababu. Alisikiliza vichwa vya habari, kisha matangazo ya vifo, maana kukosa mazishi ya mtu wa ukoo ni aibu. Halafu akazima haraka na kutoa betri ziwekwe juani kesho zipate nguvu. Nyumba zote za kule zilifanya hivyo. Utabiri wa hali ya hewa ulisomwa baada ya wafu, redio zetu zikiwa zimeshalala.

Kesho yake nikamletea betri mpya. "Leo usizime."

Alizigeuza mara mbili akitafuta hila.

Sauti ilikuja polepole, bila gharika wala Nuhu. Ilisema mvua huenda ikazidi kawaida, huenda ikapita msimu wake, na walio karibu na mito wajihadhari.

"Huyu anauza nini?" dada akauliza.

"Hauzi kitu."

"Ndiyo maana hapigi kelele." Akapunguza sauti ya redio. "Lakini anasema huenda. Gazeti halisemi huenda."

"Mtu akikuuzia ng'ombe akakuambia huenda atapiga teke, utamwamini?"

"Nitamwamini. Lakini ng'ombe sitanunua."

Tukapatana nusu: sehemu ya chini, inayogusa maji, ivunwe, ya juu ingoje ikauke. Majirani walitucheka wakisema nimeanza kuuzia hata dada yangu hofu. Mahindi tukayapandisha darini, juu ya moshi wa jiko.

Mvua ilianza kabla wiki haijaisha. Mto ulimeza shamba la chini, tupu, kisha ukapanda mpaka lile la juu. Tulisimama tukitazama mabua yakielea, mahindi yakiwa bado juu yake. Yaliyokuwa darini hayangefika mavuno mengine. Nilijua hivyo hata kabla ya kuhesabu mara ya pili.

Jioni dada akafungua redio. Vifo vilikuwa vingi, vikasomwa muda mrefu, na sauti ikaanza kufifia kwa betri kuchoka. Nikanyoosha mkono niizime.

"Wacha," akasema, akaegemeza sikio kwenye redio. "Huyo wa huenda bado."