Namna nilizuia treni Kamina mpaka damu ya mjukuu wangu isomwe

Wakuu wa humu, muzee wenu wa Kamina nawasalimu. Masomo nilifanya kidogo, mukiona makosa mupite juu yake. Lakini hii niliiona na macho yangu, chumvi sitaongeza.

Ilikuwa miaka ya tisini, wakati ile wandugu wa Kasai walifukuzwa Katanga. Gare yetu, kituo cha treni, ilijaa refoulés, ni kusema bantu waliofukuzwa, na masufuria yao, wanangojea treni ya kwao.

Minyi nilikuwa aiguilleur, mwenye kugeuza reli kwa levier, ule mkono wa chuma. Bila minyi treni haitoki. (Kazi nzuri ile, mgongo tu njo ilinikomesha.)

Mjukuu wangu Ilunga, miaka mitatu, akashikwa na homa. Siku tano, saba, kumi. Macho mekundu, midomo imepasuka.

Bibi yake, Mama Ngoie, akasema ni surua. Kwetu mutoto wa surua tulimupaka pemba, ule udongo mweupe, mwili muzima, na haoshwi. Tukamupeleka dispensaire vile vile, mweupe kama ukuta. Infirmier, muuguzi wa pale, naye akasema surua. Nani angeona ngozi?

Pale gare kulikuwa laborantin mmoja, mupimaji wa damu, Mukasai, Papa Kalala. Nilikuwa namupatia maji ya kunywa. (Majirani walinitukana kwa ile maji. Iyo ni uzi ingine.) Akaniuliza mbona sura yangu ni ya msiba. Akaja nyumbani.

"Muoshe huyu mutoto."

Mama Ngoie akaruka: "Walikufukuza kwako, sasa unakuja kutawala kwangu? Surua ikiguswa na maji inaingia ndani!"

"Mama, kufukuzwa nimeisha kuzoea. Muoshe kwanza, kiisha unifukuze."

Nikamuosha mwenyewe. Chini ya pemba, viganja vyekundu, ngozi ya vidole inabanduka kuanzia kwenye kucha.

Papa Kalala akasema alishaona hii Lubumbashi, inaitwa ugonjwa wa Kawasaki, na hatari yake iko kwa moyo. Musuli ya moyo ikiumia, vitu vya ndani yake vinamwagika mu damu, na machine ya labo inaweza kuvipima.

Daktari wa hospitali akakubali, akaanza kumupa aspirine. (Musijaribu nyumbani, daktari njo anapima dozi.) Lakini pale hospitali mwenye kujua ile machine hakuwako tena. Alikuwa Mukasai, tulishamufukuza.

Basi Papa Kalala akapima mwenyewe.

Damu iko mu machine, treni ikaingia. Ya kwanza tangu mwezi muzima! Mke wa Papa Kalala akapanda na mizigo, anaita bwana yake. Chef de gare akapuliza filimbi.

Minyi nikakalia levier.

"Weye muzee, geuza!"

"Reli iko na mchanga, chef. Nasafisha."

"Mchanga gani? Umelewa?"

"Mchanga mingi, chef."

Bantu mu wagon wakanilaani mpaka babu zangu. Walikuwa na haki.

Mara Papa Kalala huyu anakimbia, karatasi mkononi. "Moyo haimwagi kitu! Aspirine iendelee. Lakini damu haisemi yote. Mukifika Lubumbashi, mishipa ya moyo iangaliwe kwa échographie, ile machine ya kuona ndani ya mwili."

Akapanda. Nikageuza reli.

Mama Ngoie akamurushia dirishani kifurushi cha samaki kavu wa ziwa Kisale, wale alificha kwa ajili ya Noeli. Pole hakusema. Mutu anayemujua yule mama anaelewa.

Échographie tulifanya baadaye, mishipa ilikuwa salama. Leo Ilunga anabeba mifuko ya saruji na kelele mingi.

Nilichojifunza: homa ikipita siku tano, macho na midomo ni mekundu, musifunike ngozi ya mutoto kwa kitu chochote. Muulize daktari habari ya moyo. Na mutu munayemufukuza, angalieni kwanza anajua nini.

Nyinyi wakuu, mulishapona kwa mkono wa mutu ambaye mtaa ulimukataa? Semeni hapa chini.

Na kama humu kuna mutoto wa Papa Kalala, amwambie baba yake: ile siku mchanga haikuwako.