Kornelia na Fomu ya Ridhaa

Kornelia alishona sare za shule Kibosho kwa zaidi ya miaka thelathini. Alipofika sabini na mbili, mashati yakaanza kumtoka mkono wa kulia umekaa kushoto. Kisha Jumapili moja akashindwa kukumbuka njia ya kutoka kanisani hadi nyumbani. Daktari mjini Moshi akamwambia mwanawe Primus kwamba ni ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu. Kuanzia hapo watu wakazoea kumsemea.

Binti mtafiti, Aikaeli, alipopanda kutoka mjini na dodoso lake kuhusu matunzo ya wagonjwa wa aina hiyo, Primus alimkaribisha kiti karibu yake. Akaeleza mama anavyolala, anavyokula, anavyopotea. Kornelia alikuwa hatua tatu tu kutoka hapo, anamenya ndizi za mtori.

"Mnamsema nani?" akauliza.

Aikaeli akanyanyuka, akahamisha kiti. "Shikamoo mama. Nisamehe, ilinipasa nianze na wewe."

"Marahaba. Haya, anza."

Tangu siku hiyo, kila Aikaeli alipokuja aliomba ruhusa upya, maana Kornelia hakukumbuka ya nyuma. Mara mbili alikubali. Mara ya tatu akasema, "Leo sitaki."

"Mama, dada ametoka mbali, na barabara yote ni tope," Primus akamsihi.

"Basi apewe chai."

Aikaeli akafunga mkoba, akanywa chai, akateremka. Primus aliona aibu, akadhani wameshafutwa kwenye utafiti. Haikuwa hivyo. Baada ya wiki mbili binti alirudi, akajitambulisha kama mgeni, na Kornelia akakubali.

Mwaka uliofuata wagonjwa watano na ndugu zao waliitwa Moshi kuipitia fomu ya ridhaa ya utafiti huo kabla haijapelekwa vijiji vingine. Kornelia alisoma mstari wa kwanza kwa sauti, akaurudia, akaiweka karatasi mezani.

"Sentensi ndefu hii. Nikifika mwisho, mwanzo umeshanitoka. Ikateni."

Primus akataka kumfafanulia, kisha akasogeza kalamu karibu na karatasi.

Waliikata. Fomu iliyotoka ilikuwa na sentensi fupi, herufi kubwa, na mahali pa kukataa kwa siku hiyo tu. Primus alipompelekea nakala, Kornelia hakukumbuka kabisa kwamba naye alihusika. Aliisoma mpaka chini.

"Hii inasomeka," akasema, akauliza kama ng'ombe amekatiwa majani.