Magurudumu Manne ya Landrova

Nikiwa na miaka tisa niliamini kwa moyo wote kwamba ukitengeneza gari la waya likafanana kabisa na gari la kweli, kisha ukaliandika namba ile ile, magari hayo mawili yanagawana roho. Ukiling'oa dogo gurudumu, kubwa linakufa papo hapo barabarani, hata kama liko Nanyuki. Habari hii ililetwa na kijana wa jirani yetu, ambaye alikuwa amefika Karatina mara mbili na kwa hiyo hakukuwa na kitu asichokijua. Usinicheke bado. Ungekuwa kijijini kwetu wakati ule wa Hali ya Hatari, ungeamini makubwa kuliko hayo.

Nimekumbushwa haya na mjukuu wangu juzi. Amenunuliwa kigari mjini Nyeri, kizuri, hata milango inafunguka, akakipanga dirishani pamoja na vingine na kunionya, "Guka, hizi si za kucheza, ni za kuweka." Nikamwambia hata babu yake alikuwa na za kuweka. Akanitazama kama mtu aliyesikia kwamba ng'ombe wetu anajua kusoma.

Basi sikiliza wewe. Nilikuwa na magari kumi na tisa. Haya, saba. Yalikaa juu ya gunia chini ya kitanda cha cucu, mama ya baba, na kuku alikuwa akitagia kati ya basi na trekta. Kulikuwa na lori la mbao, na ambulansi ambayo msalaba wake niliupaka kwa juisi ya matunda ya mwituni. Waya tuliuokota pale walinzi walipokuwa wakizungushia seng'enge, tukaunyoosha kwa jiwe mpaka vidole vikawa vyeusi. Bodi ilikuwa mkebe wa mafuta uliopasuliwa, taa zilikuwa vifuniko vya chupa za soda. Usukani ulifungwa kwenye kijiti kirefu, ukawa unaendesha umesimama wima kama mtu mkubwa, na injini ilikuwa mdomo wako mwenyewe.

Kijiji chetu kilikuwa upande wa Giakanja, nyumba za nyasi zimebanana, mtaro umetuzunguka pande zote na ndani yake mianzi iliyochongwa. Njia ya kutoka ilikuwa moja tu, daraja la mbao. Baba alikuwa kizuizini. Mama alishinda kwenye kazi ya lazima ya kuchimba barabara. Asubuhi ukungu ulishuka kutoka mlimani, mzito hata kuku walikuwa wakigongana. Lakini ndani ya nyumba ya cucu kulikuwa na uji, moto na hadithi, na nikikwambia nilikuwa mtoto mwenye furaha, sikudanganyi.

Gari kuu lilikuwa landrova ya Bwana Shauri, yule Mzungu mkubwa wa tarafa yetu. Niliitengeneza miezi mitatu. Kila alipokuja kufanya baraza nilienda kuitazama, na dereva wake, mtu wa Majengo mwenye kofia nyeupe, aliniacha nilale chini nichungulie tumbo la gari. "Angalia, usiguse," aliniambia kila mara. Magurudumu niliyakata kutoka kwa akala za baba, zile kandambili za tairi alizoziacha siku aliyochukuliwa. Cucu mwenyewe ndiye aliyenipa. "Akirudi atataka viatu vipya," alisema. Mwishoni nikaandika namba kwa makaa. Namba hiyo naikumbuka mpaka leo, lakini siiandiki hapa. Huwezi kujua.

Sasa, wanawake waliruhusiwa kwenda shambani kwa muda wa saa mbili tu, alasiri. Na Bwana Shauri alikuwa na sheria yake: gari lake likishavuka daraja, daraja linafungwa. Atakayebaki nje analala selo, na kijiji kizima hakiendi shambani wiki nzima.

Siku moja nilikuwa kwenye kiinuko karibu na lango nikaiona landrova ikitoka upande wa mjini, imeanza kupanda kilima. Ng'ambo, kwenye mteremko wa mashamba, wanawake walikuwa wanakimbia na mizigo. Wa mwisho, nyuma kabisa, alikuwa cucu. Alikuwa amebeba nduma, yale magimbi yetu, mgongoni, kamba kwenye paji la uso, naye hakuwa mtu wa kutupa nduma.

Nilikimbia nyumbani, nikavuta gari langu chini ya kitanda, kuku akaruka na mayai yake, nikarudi kiinukoni. Niling'oa gurudumu la kwanza. Landrova ikaendelea. Nikang'oa la pili, ekseli ikapinda. Landrova ikabadilisha gia. La tatu nililing'oa kwa meno, na hapo, nakuapia, ikapunguza mwendo. Nikang'oa la nne.

Ikafa.

Dereva akashuka, akafungua boneti, akainama ndani. Bwana Shauri akasimama kando akipiga buti lake kwa fimbo. Wanawake wakavuka daraja mmoja mmoja. Cucu akavuka wa mwisho, akihema, nduma zote ziko mgongoni. Ndipo nikarudisha gurudumu moja, limepinda, na landrova ikaunguruma. Nikaona gurudumu moja linatosha. Landrova ni gari gumu.

Jioni tulikula nduma za moto na chai ya mkandaa, isiyo na maziwa. Cucu akaokota mabaki ya gari langu. "Nani ameua gari yako?"

"Ni mimi, cucu."

"Miezi mitatu unagonga mkebe nishindwe kulala, halafu unaua?" Akaniwekea nduma kubwa kuliko zote hata hivyo. Sikumweleza. Shujaa hajisemi.

Baadaye baba alirudi, akanunua viatu vipya kama alivyosema cucu. Mtaro ulifukiwa, nyumba zikabomolewa, kila mtu akaenda kwenye shamba lake. Pale lilipokuwa daraja leo pana majani chai. Magari yangu yaliliwa na kutu, na cucu amelala kando ya mgomba alioupanda mwenyewe. Watoto siku hizi hawajui kunyoosha waya.

Miaka mingi baada ya hayo nikajiunga na shule ya jioni pale mjini, tukiwa watu wazima na ndevu zetu. Mwalimu akatuambia tuandike insha. Nikaandika habari hii ya landrova, nikaisoma mbele ya darasa kwa sauti kubwa, na nilipofika kwenye gurudumu la nne, mzee mmoja wa kofia nyeupe kwenye dawati la nyuma akavua miwani.

"Kijana," akasema, "gari haikuwa na kitu. Niliwaona kina mama wanakimbia, nikafunga petroli. Nikatoa plagi, nikazipangusa zote nne, na zilikuwa safi. Nilikuwa namngoja yule bibi wa nduma."