Benchi la Kushoto

Nilipoacha kwenda kliniki ya akili kule Subukia, muuguzi aliniita mzembe. Yeye hakuwahi kusimama pale langoni.

Siku yetu ilikuwa siku moja na ya kina mama wa chanjo. Askari wa lango, mwenye sauti ya kuuza viazi sokoni, alitupanga kwa kelele. "Watoto, kulia. Wa kichwa, benchi la kushoto. Boss, unajificha nini? Si wewe ni wa kichwa?"

Kina mama wa kanisa letu, waliokuwa kwenye foleni ya chanjo, waligeuka wote. Kufikia jioni habari ilikuwa imefika nyumbani. Nilitaka kukatia ng'ombe majani ya nepia, kazi yangu tangu utotoni, nikakuta mke wa ndugu yangu ameficha panga.

"Pumzika tu, shemeji," akasema bila kuniangalia.

Sikurudi kwenye benchi lile. Nilikaa bila dawa hadi usingizi ukanihama, kisha nikahamia Nakuru mjini, ambako askari haniulizi kitu na kliniki siikosi. Bonde letu la Subukia nalikumbuka, hasa harufu ya nepia mbichi. Lakini anayesema sisi hatupendi matibabu, akakae kwanza benchi la kushoto.