Mfua mashuka wa Matogoro na hadithi zake za damu

Ukungu bado umelala kwenye vilima vya Matogoro, Songea, na maji ya bomba yanauma vidole. Bernadina Mbawala ameinamia beseni, anasugua shuka la nyumba ya wageni. Simu ameiweka juu ya ndoo iliyopinduliwa. Akimaliza shuka moja anafuta mikono kwenye khanga, anaandika sentensi mbili tatu, kisha anarudi kwenye povu.

Asubuhi hii, ndani ya simu hiyo, jemadari amekatwa mkono.

"Sijui kama nimwache aishi," anasema bila kuinua kichwa. "Ameua wengi."

Bernadina, mwenye umri wa miaka arobaini na sita, anatunga riwaya ambazo baadhi ya wasomaji wake hawathubutu kuzisoma wakiwa peke yao: falme zisizokuwepo duniani, wafalme wanaoinywesha mikuki yao damu, mizimu inayodai watoto. Huzituma sura kwa sura kwenye kundi la WhatsApp, na anayetaka hadithi nzima hulipa shilingi elfu moja. Mwezi ukiwa mzuri hupata kama elfu arobaini. Kinachomlisha ni kufua.

Hakuanza kwa kutafuta wasomaji. Mwanawe wa pekee, Leo, alifariki kwa homa akiwa na miaka minne. Matanga yalipoanuliwa, kila aliyekuja kumpa pole alimwambia amshukuru Mungu.

"Niliitikia, 'Tumshukuru.' Lakini moyoni nilikuwa nawaka. Ningemwambia nani? Padri? Mama yangu? Basi nikamtunga mwanamke mmoja, Nakiete, aliyenyang'anywa mtoto na mfalme. Yeye hakushukuru. Yeye alichukua shoka."

Wasomaji walimpenda Nakiete. Lakini baadhi ya majirani walianza kumtazama Bernadina kwa jicho la pembeni. Mwanamke anaishi peke yake, anaandika mambo ya damu, halafu bombani anacheka na watu kama kawaida?

Mwaka jana, wakati wa masika, Nasrin, binti wa miaka saba wa jirani yake Mwanne, hakurudi kutoka shuleni. Wiki hiyohiyo Bernadina alikuwa ametuma sura ambamo mfalme anamchukua mtoto mtoni.

Kulipokucha watu walijaa uani kwake. Kijana mmoja aliisoma sura ile kwa sauti, na kila alipotaja damu, macho yote yalimgeukia Bernadina. Kisha Mwanne akapita mbele, mtandio umemwangukia mabegani.

"Mama Leo, mwanangu yuko wapi?"

"Sijui, Mama Nasrin. Haki ya Mungu sijui."

"Sasa mbona uliandika?"

Mtu akapiga teke beseni la Bernadina likapasuka. Mwingine alikuwa na panga. Ndipo mjumbe wao wa nyumba kumi, mzee Valeriani, alipopenya katikati na kusimama mlangoni mwa chumba cha Bernadina.

"Anayetaka kumgusa huyu mama aanze na mimi," alisema, na hakuondoka pale.

Jioni ikaja simu kutoka kijiji cha Mpitimbi. Nasrin alikuwa kwa bibi yake. Baba yake, aliyekwisha kuachana na Mwanne, alimchukua njiani bila kumwambia mtu. Watu wakatawanyika mmoja mmoja. Hakuna aliyeomba radhi.

Mwenye nyumba ya wageni alimwambia apumzike kwanza, maneno yapoe. Bernadina akarudi nyumbani. Hakuandika hata mstari. "Nilijiona kama kweli nimefanya kitu," anasema. "Usiku nilikuwa najiuliza, au ni mimi niliyemwita huyo mfalme?"

Wiki kadhaa baadaye, akifua blanketi lake mwenyewe, alimwona Mwanne amesimama mbele yake. Hakueleza amefuata nini. Alishika ncha ya pili ya blanketi, wakalikamua pamoja.

"Mama Leo, yule mtoto wa kwenye hadithi," akasema, "hawezi kurudi?"

"Hawezi."

"Si wewe ndiye unayeandika?"

"Ningekuwa na uwezo wa kurudisha mtoto, mwenzangu, ningeanza na wangu."

Mwanne aliliachia blanketi, akalia. "Mimi siku ile moja tu nilitaka kufa," alimwambia. "Wewe umeishi nayo miaka yote hii." Walikaa pale, mmoja kwenye kigoda na mwingine kwenye tofali, hadi ikaadhiniwa adhuhuri.

Kazi ya Bernadina ilirudi. Salamu za baadhi ya majirani hazijarudi, naye ameacha kuzisubiri.

Sasa anadunduliza fedha ili hadithi ya Nakiete ichapwe kitabu hapa hapa Songea, na kwenye jalada iandikwe kwa herufi kubwa kwamba si cha watoto. Imebaki sura ya mwisho, Nakiete anapofika kwenye lango la mfalme. Bernadina anakiri kwamba anaiogopa. Lakini ameamua jambo moja: haitakwenda kwenye kundi wala kwa mchapaji kabla Mwanne hajaisoma.

"Akisema inaumiza, sitaifuta," anasema, akitandaza shuka kwenye kamba. "Nitakaa naye tu, mpaka afike mwisho."