Moto wa Tatu

Nililelewa ukingoni mwa shimo. Sisemi kwa mafumbo. Lilikuwa shimo kwelikweli, machimbo ya mawe ya kujengea nyuma ya mtaa wa Kabiria, na chumba chetu cha mabati kilikuwa hatua chache tu kutoka ukingoni. Vumbi jeupe lilituingia kwenye uji, kwenye nywele, kwenye nguo za kanisani. Akina mama waliketi juu ya magunia wakiponda kokoto, kila jiwe limezungushiwa kipande cha mpira wa gari lisiwarukie usoni, na umbea wao ulisikika kuliko nyundo. Mvua ikinyesha, kule chini kulijaa maji ya kijani. Tulikatazwa kuogelea, tukaogelea, tukachapwa, tukarudi. Siku hizi nikisimulia haya watu hunihurumia. Wakome. Tulikuwa na raha zetu.

Baba alikuja Nairobi kutoka magharibi akiwa na nyundo na tindo tu, na pale machimboni yeye ndiye aliyewasha baruti. Kabla ya kuwasha, alipaza sauti mara tatu: "Moto!" Moto wa kwanza, mama zetu walituita ndani. Moto wa pili, madirisha yalifunguliwa vioo visipasuke. Moto wa tatu, popote ulipo, unalala chini na kushika kichwa. Hata mtoto asiyejua kuandika jina lake alijua kuhesabu hadi tatu.

Siku moja, nikiwa darasa la kwanza, nilikosea kuhesabu. Nilikuwa nampelekea chai, nikachelewa njiani nikiokota vijiwe vinavyong'aa. Nilidhani nimesikia wa pili, kumbe ulikuwa wa tatu. Baba aliniona utambi ukiwa tayari unawaka. Hakukimbilia maficho, alikimbilia kwangu, akaniangusha na kunilalia. Jiwe lilimchana mgongo, na tangu siku hiyo sikio lake la kushoto halisikii vizuri. Mama alilia wiki nzima. Mimi, mjinga wa watu, nililia kwa sababu chai ilimwagika.

Baadaye shimo lilijazwa taka na udongo, magorofa yakapandishwa juu yake, nasi tukahamia ploti moja ya vyumba vya kupanga, Riruta. Shuleni walituita watoto wa kokoto hadi nikachoka. Nilipopata kazi ya ofisi mjini, nilijifunza kusema natoka Riruta na kunyamaza hapo hapo. Nikapata mchumba, nikamwambia baba yangu alikuwa mkandarasi. Nililisema neno hilo bila kupepesa macho, na aibu yake ninayo hadi leo.

Mwaka jana mama wa mchumba wangu alikuja kutoka Machakos kutuona. Mama yangu alikuwa ameshaaga dunia, kwa hiyo tulienda mimi na baba tu, tukakutana nao Kenyatta Market kula nyama choma. Baba alivaa koti lake la kanisani. Tukiwa njiani nilimwomba asizungumze sana kuhusu kazi yake ya zamani. Aliitikia kwa kichwa, hakuuliza kwa nini.

Mambo yalikwenda vizuri mpaka mhudumu alipotoka jikoni na sinia la nyama linalochuruzika mafuta, na watu wamejaa njiani.

"Moto!" akapaza sauti wampishe. "Moto!" Kisha, karibu kabisa na meza yetu: "Moto!"

Meza iliyumba, kachumbari ikaruka. Nilijikuta sakafuni, baba juu yangu, kiganja chake kimefunika kisogo changu. Pale chini palinuka majivu na mafuta ya mbuzi. Hakuna kilicholipuka ila vicheko.

Mama wa mchumba alikuwa amesimama, mkoba umebanwa kifuani. "Huyu mzee ako sawa?" akamuuliza mwanawe. "Ama ni mgonjwa na hamkuniambia?"

Baba aliinuka polepole, akapangusa magoti. "Pole, mama," akaniambia mimi bintiye, kwa ile sauti kubwa ya mtu asiyesikia vizuri. "Nimekuharibia siku. Nilisikia wa tatu."

Ningeweza kusema ni uzee. Wangeniamini, tungeagiza kachumbari nyingine na baba angenyamaza, maana nilikuwa nimemwomba anyamaze. Nilimtazama akiwa na vipande vya nyanya kwenye koti lake zuri, nikajichukia.

"Si mgonjwa," nikasema. "Alikuwa akipasua mawe kwa baruti huko Kabiria. Hajawahi kuwa mkandarasi. Nilidanganya."

Mchumba wangu alinikodolea macho. Mama yake akafungua mkoba, akatoa kitambaa na kumpa baba apanguse koti. Mimi nilihamia upande wa sikio lake linalosikia.

"Hata mimi niliusikia, Baba."

Wala sikuwa namfariji. Kabla hajanigusa, mikono yangu ilikuwa tayari kichwani.